Katiba yetu ilitoka wapi hasa? Mwenyekiti wetu asema iliandikwa London

#1 KatibuWaKuze
Salaam wana jukwaa. Nina swali, ila lazima nianze na kisa.

Mimi ni katibu wa chama cha kina mama hapa Kuze, Mombasa. Tuko 22, wengi wetu twauza viazi karai, bajia na mabuyu. Tulipokwenda kujisajili tuliambiwa tulete katiba. Hatuna. Tukaingia saiba, kijana akatutolea moja iliyokuwa kwenye kompyuta yake, akabadilisha jina la juu, tukalipa tukaondoka. Juzi ndipo nimekaa nikaisoma. Kifungu cha 9: "Mwanachama atakayepoteza au kurarua nyavu za kikundi atazilipa kabla ya bamvua lijalo." Bamvua, yaani yale maji makuu ya bahari mwezi ukiandama au ukijaa. Kumbe ilikuwa ya wavuvi!

Sasa kifungu cha 5 chasema mwenyekiti ni vipindi viwili, basi. Wetu vyaisha mwezi ujao na ataka cha tatu. Nilipomsomea kifungu alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo si karatasi ya saiba? Hata ya nchi iliandikwa na Wazungu London, na mbona yabadilishwa kila siku?" Wenzangu kimya. Mimi nami sikuwa na jibu.

Ni kweli? Katiba ya Kenya ilitoka wapi, na ndani yake kuna nini ambacho mtu hawezi kukichokora tu akijisikia?

#2 KondaWaLikoni
Kabla ya bamvua lijalo 😂😂😂 Mama, lipa nyavu za watu kwanza ndio tuzungumze.

#3 WakiliMwanagenzi
Dada, mwenyekiti wenu ana nusu ya ukweli na ameikalia vizuri. Katiba ya uhuru ilijadiliwa kweli London, kwenye jumba la Lancaster House, katika mikutano ya 1960, 1962 na 1963. Na kisheria ilikuwa kichekesho: ilikuwa kiambatisho cha amri iliyotolewa kwa jina la Malkia. Ukitaka kuisoma waikuta nyuma ya karatasi ya mtu mwingine, kama nyinyi na wavuvi wenu.

Lakini hiyo siyo tunayotumia. Ya sasa ilipigiwa kura 4 Agosti 2010, zaidi ya watu milioni 6 wakasema Ndiyo, na Kibaki akaitangaza rasmi Uhuru Park tarehe 27 mwezi huohuo. Sura 18, vifungu 264. Ile ya London ilizikwa siku hiyo.

#4 Mkale_wa_Mvita
Wakili, umekata kona kama matatu ya Bamburi. London 1963 hakukuwa na zungumzo moja. Sisi wa Pwani tulikuwa na letu.

Ukanda wa maili kumi, kutoka Vanga mpaka Kipini, na visiwa vya Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwingereza alikuwa mpangaji tu tangu Desemba 1895, akilipa kodi kila mwaka. Ndiyo maana bara ilipofanywa Koloni 1920, huku palibaki himaya. Marehemu babu alikuwa karani bandarini, na alikuwa akinionyesha pale Ngomeni: bendera nyekundu ya Sultani ilikaa juu ya ngome ile mpaka uhuru ukaja. Mwezi wa Oktoba 1963 Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Waislamu wataabudu bila kuzuiwa. Kadhi atabaki na mahakama yake. Watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu. Hati miliki za mashamba zitatambuliwa. Tarehe 8 mkataba ukatiwa saini, ukanda ukaachiwa Kenya.

Leo ukisoma kifungu cha 170, cha mahakama za Kadhi, ile barua yapumua humo. Kwa hiyo msimwambie mwenyekiti kuwa ya London ilizikwa yote.

#5 KarafuuNaIliki
Asante kwa #4. Nilidhani Kadhi aliletwa 2010, maana kelele za makanisa mwaka ule zilikuwa za kama jambo jipya.

#6 Mkale_wa_Mvita
Jipya wapi. Mahakama Kuu hata ilitoa uamuzi Mei 2010, kabla ya kura, kwamba Kadhi hafai kuwa ndani ya katiba. Wananchi wakampitisha. Wala mamlaka yake si ya kutisha mtu: ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwake.

#7 MzeeKongowea
Mkale, hilo la hati miliki umelipita kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Hati hizo "zilizotambuliwa" zilitoka wapi? Sheria ya 1908. Aliyejua kuandika na mwenye jamaa ofisini akaenda akasajili shamba. Mgiriama, Mdigo, mjukuu wa mtumwa, hao walikuwa juu ya shamba wakilima, hawakujua kama kuna karatasi inayozunguka. Mimi nimezaliwa Kisauni kwenye nyumba ya babangu, na mwenye ardhi sijawahi kumtia machoni. Kila mwaka huja mtu na daftari kuchukua kodi ya ardhi. Nyumba yangu, ardhi yake. Elezea mgeni hilo kama ataelewa.

Makamishna wa marekebisho walipozunguka kila eneo bunge 2002, mimi nilisimama. Niliiva kofia yangu nzuri. Nikasema mambo mawili: ardhi, na kwamba pesa za bandari zionekane hapa. La kwanza limepata sura nzima, ya Tano. Mimi ningali kwa mwenye daftari.

Kwa hiyo dada katibu, katiba ilitoka kwetu. Mimi ni shahidi. Ila ilivyorudi kwetu ni hadithi nyingine.

#8 KondaWaLikoni
Mzee "niliiva" ama "nilivaa"? 😂

#9 MzeeKongowea
Nilivaa. Miwani iko kwa fundi. Wewe rudisha chenji za watu.

#10 UstadhiWaBondeni
Assalaam alaykum. Nyote mwaanza 1960 kama kwamba kabla yake watu walikaa mwituni.

Kwanza neno lenyewe. Katiba, katibu, kitabu, maktaba, yote ni shina moja la Kiarabu, la kuandika. Dada, wewe katibu waulizia katiba, yaani mwandishi waulizia maandishi. Lakini ajabu ni kuwa Waarabu wenyewe hawaiiti hivyo, wao husema *dustuur*. Na neno hilo pia tunalo, limetufikia likawa desturi! Sisi tumechukua maneno mawili: moja tukalipa karatasi, la pili tukaliachia mila. Fikirini hapo.

Pili, Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina 622 paliandikwa mkataba kati ya Muhajirina, Ansari na makabila ya Kiyahudi: nani amlinde nani, diya italipwaje, ugomvi upelekwe kwa nani. Magna Carta ya Waingereza ni 1215. Hesabuni wenyewe.

#11 BintiTudor
Ustadhi, tuko pamoja, ila sioni kamba inayofunga Madina na Bomas of Kenya, walikokaa wajumbe wa katiba yetu. Kitu kutangulia si kuwa mzazi.

Mimi nilifundisha historia sekondari. Kwangu mzazi ni mwingine. Kwenye mkutano wa 1960 wajumbe Waafrika walikuwa na mshauri aliyetafutwa na Tom Mboya: Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani aliyeshinda kesi ya ubaguzi mashuleni 1954, na 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu kwao. Aliwaandikia rasimu ya haki. Mtu ambaye kwao hakuweza kuingia kila hoteli ndiye aliyekaa London kufikiria haki za Wakenya, na moja ya hoja kubwa mezani ilikuwa kuwalinda Wazungu wachache na mashamba yao! Hapo ndipo ilipotoka sura ya haki.

#12 WakiliMwanagenzi
Mwalimu, naomba nikurekebishe kidogo. Rasimu ya Marshall haikuingia vile alivyoiandika. Sura ya haki ya 1963 ilifuata zaidi mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu wa 1950, kupitia katiba ya Nigeria. Ya 2010 nayo imetazama sana Afrika Kusini ya 1996: haki ya maji, nyumba, afya, chakula. Za 1963 hazikuwa na hayo.

#13 BintiTudor
Nakubali. Nimekuwa nikifundisha vibaya miaka kumi na nne, wanafunzi wangu mnisamehe.

#14 DeraJekundu
Haki ya maji? Wakili hebu rudia polepole, nipo hapa Majengo na mkokoteni wa mitungi uko mlangoni. Mfereji wangu wakohoa tu.

#15 WakiliMwanagenzi
Kifungu cha 43(1)(d): maji safi na salama, kwa kiwango cha kutosha. Lakini soma na cha 21(2): serikali itazitimiza haki hizo hatua kwa hatua.

#16 DeraJekundu
Hatua kwa hatua. Basi huyu wa mkokoteni ndiye serikali, maana yeye namwona akija hatua kwa hatua.

#17 Mpwani_Halisi
Nyote mwazunguka. Kwa nini tulipata katiba mpya? Kwa sababu ya kwanza iliuawa. Ngala wetu na chama chake cha KADU walipigania majimbo, na 1963 tulipewa: majimbo saba, Pwani likiwemo, kila moja na bunge lake, na Seneti juu. KADU ikajivunja Novemba 1964, mwezi uliofuata nchi ikawa Jamhuri, majimbo yakanyauka. 1966 Seneti ikaondolewa. 1982 kikaingia kifungu cha 2A, chama kimoja kwa sheria. Kila raisi akikwama alikata kipande. Ukiuliza katiba ya 2010 ilitoka wapi, ilitoka kwenye kovu. Ugatuzi ni majimbo yaliyorudi yamevaa kanzu nyingine, na Mombasa ni kaunti nambari 001.

#18 BintiTudor
Ugatuzi si majimbo. Majimbo yalikuwa saba, kaunti ni 47, na hakuna yenye polisi wake. Na hiyo 001 ni mpangilio wa jedwali, usiiweke kifuani.

#19 Mpwani_Halisi
Naiweka na kwenye fulana pia 😎

#20 Mkale_wa_Mvita
Na kama ni kurudi nyuma, msisahau Mombasa ilikuwa na yake. Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji: Mataifa Matatu ya Kilindini, Tangana na Changamwe, na Tisa ya Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa na wenzao. Kila upande na tamimu wake, yaani mkuu wake. Hakuna aliyeandika "kifungu cha kwanza", lakini kila mtu alijua nani huketi wapi na nani hasemi kabla ya nani. Hiyo ndiyo ile desturi ya ustadhi. Waingereza wenyewe mpaka leo hawana katiba ya karatasi moja, na hakuna anayewaambia hawana katiba.

#21 MzeeKongowea
Na kaya zetu tisa za Mijikenda zilikuwa na kambi, yaani mabaraza ya wazee. Huko hata kutoka kwa kikao kulikuwa na utaratibu. Hilo mmelisahau kwa sababu halikuwa la mjini.

#22 Boda_Mikindani
Mimi sijui Sultani wala Marshall. Najua kifungu cha 49. Nilishikwa Ijumaa saa kumi jioni, kosa lenyewe kofia ya abiria. Kituo sikitaji. Nikamwambia yule afande, masaa 24 nifikishwe kortini. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Kijana, ungejua kusoma ungemaliza aya." Nikalala Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikitoka nikatafuta simu nikasoma. Kumbe kweli! Masaa 24 yakiishia siku ambayo korti haikai, wakupeleka siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana wapenda Ijumaa.

Afande kaisoma kuniliko. Hilo ndilo lililoniuma, si kunguni.

#23 KarafuuNaIliki
Pole kaka. Mimi nina kizuri. Tulikuwa tukitembea ufukoni na watoto, mlinzi wa hoteli moja akatuambia mbele ni kwa wageni tu. Mume wangu akamwambia ardhi yote kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma, kifungu cha 62. Mlinzi akauliza, "Maji yanafika wapi yakijaa?" Mume wangu akamwonyesha mstari wa mwani. Tukapita chini ya mstari, yeye akatembea juu yake sambamba nasi mpaka mwisho wa ukuta, kila mtu upande wake wa sheria. Watoto walidhani ni mchezo.

#24 KondaWaLikoni
Kwa hiyo bamvua likija haki zenu zapanuka 😂 Uzi huu ni wa maji tu.

#25 JirambeTech
Msinichekee. Hii katiba si ya Bomas tuliyoipitisha 2010? Naona #7 na #17 wanazungumza vitu viwili.

#26 WakiliMwanagenzi
Hapana. Bomas, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, wajumbe 629, walimaliza rasimu Machi 2004. Ikakarabatiwa na serikali, ikaja kwenye kura Novemba 2005, ndizi ni Ndiyo na chungwa ni Hapana, chungwa likashinda. Ikalala. Kisha damu ya uchaguzi wa 2007, upatanishi wa Kofi Annan 2008, ndipo kamati ya wataalamu ya Nzamba Kitonga ikaanza 2009. Januari 2010 wabunge wakajifungia Naivasha, wakaondoa mfumo wa waziri mkuu wakaweka raisi mwenye mamlaka. Kwa hiyo ukitaka kujua ilitoka wapi, raisi katoka Naivasha, ugatuzi Bomas, Kadhi kwenye barua ya #4.

#27 MzeeKongowea
Na hofu katoka 2007. Bila maiti zile wasingekaa meza moja. Wanasheria hamliandiki hilo kwenye vifungu.

#28 KatibuWaKuze
Asanteni sana, nasoma zote. Lakini nusu ya pili ya swali langu hamjajibu. Kikao ni Jumapili. Kipi hakichokorwi?

#29 WakiliMwanagenzi
Kifungu cha 1: mamlaka yote ni ya wananchi, viongozi wameazimwa. Cha 2: katiba ni sheria kuu, ikigongana na sheria nyingine, hiyo nyingine yafa. Cha 10: maadili ya taifa. Halafu cha 255 chataja mambo ambayo bunge peke yake haliwezi kubadilisha, lazima kura ya maamuzi: ukuu wa katiba, mipaka ya nchi, sura ya haki, uhuru wa mahakama, ugatuzi, na, sikiza vizuri, muda wa raisi madarakani. Msomee mwenyekiti hapo na cha 142: vipindi viwili.

#30 JirambeTech
Lakini kwa kura ya maamuzi kila kitu chaweza kubadilishwa, sivyo? Hata hivyo vipindi viwili.

#31 WakiliMwanagenzi
Hapo ndipo iliposimama kesi ya BBI, ule mpango wa raisi wa kubadilisha katiba. India 1973 majaji 7 dhidi ya 6 walisema katiba ina muundo wa msingi ambao bunge haliwezi kuubomoa. Mei 2021 Mahakama Kuu yetu ikasema hata Kenya upo, na kuugusa wahitaji kurudi kwa wananchi tangu mwanzo: elimu, maoni, baraza la kuunda katiba, kisha kura. Mahakama ya Rufaa ikakubali Agosti. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema hapana, vifungu 255 hadi 257 vyatosha. Ila ikashikilia kwamba raisi hawezi kujificha nyuma ya mpango wa kukusanya saini milioni moja. Hiyo njia ni ya wananchi.

#32 UstadhiWaBondeni
Yaani nyumba yaweza kubomolewa yote, mradi wenye nyumba waulizwe.

#33 BintiTudor
Mimi sikubaliani na Mahakama ya Juu. Ukiweza kuondoa kila kitu kwa kura moja, hiyo nyumba haina msingi, ina zulia.

#34 Mpwani_Halisi
Na mimi sikubaliani na India. Nani aliwapa majaji 7 ufunguo?

#35 Mkale_wa_Mvita
Wakati mnabishana, someni 259(2). Kiswahili ni lugha ya taifa, cha 7 kimesema. Lakini tafsiri ya Kiswahili ikigongana na ya Kiingereza, Kiingereza ndicho kinachoshinda. Uzi mzima huu twajadili kivuli.

#36 DeraJekundu
Kwani hata kugombana na mwenyekiti ni kwa Kiingereza sasa?

#37 KatibuWaKuze
Nimerudi. Kikao kimeisha.

Nilimsomea cha 255 na cha 142. Akasema, "Hiyo ni ya raisi, mimi nauza bajia." Tukafungua yetu, kifungu cha 14: kubadilisha katiba ni theluthi mbili ya wanachama wote. Sisi 22. Mikono ikanyooshwa kwa kipindi cha tatu. Nikahesabu mara mbili: 14. Mwenyekiti akasema theluthi mbili ya 22 ni 14 na chenji, na chenji haihesabiwi. Mweka hazina wetu, ambaye huwa hasemi, akasema mtu hana chenji, ni 15. Pakawa na zogo. Mkono wa kumi na tano ulikuwa nje ukigeuza viazi, maana mafuta yalikuwa yameshika moto na wateja wanasubiri. Akaingia na kijiko mkononi akauliza, "Mmefika wapi?" Kura ilikuwa imefungwa.

Mwenyekiti hanisemeshi. Amechukua na sufuria lake kubwa la chama, asema alilinunua yeye.

Nikapendekeza basi tuondoe kifungu cha 9 cha nyavu. Adhana ya Magharibi ikalia, watu wakatoka, tukabaki 12. Kimebaki.

#38 KondaWaLikoni
Bamvua ni lini?

#39 MzeeKongowea
Mwezi ukiandama. Wiki ijayo.